Kitara cha Nizam: kilinunuliwa, lakini aliyekiuza kilikuwa chake?

Mtoa mada: Wakuu, Agosti 2022 pale makumbusho ya Kelvingrove, Glasgow (Scotland), India ilisaini makubaliano ya kurudishiwa vitu 7. Sita vilichukuliwa mahekaluni, hapo sina ubishi. Tubishanie hiki cha saba: kitara chenye umbo la nyoka, makali yana meno kama msumeno, bapa lina tembo na chui milia wa dhahabu. Nizam, yaani mtawala wa dola ya Hyderabad, Mahboob Ali Khan, alikionyesha Delhi kwenye sherehe kubwa za Durbar mwaka 1903. Mwaka 1905 kikawa kwa Jenerali Archibald Hunter, mkuu wa majeshi ya Waingereza upande wa Bombay. Hakukipora vitani, alikinunua. Muuzaji ni waziri mkuu wa Nizam mwenyewe, Kishen Pershad. Mwaka 1978 mpwa wa jenerali akakitoa zawadi kwa makumbusho ya Glasgow.

Glasgow wenyewe wanasema waziri alikiiba. Basi kirudi. Nenda kanunue simu ya wizi Kariakoo, ukamatwe nayo, halafu umwonyeshe polisi risiti.

Mzee wa Bandarini: Taratibu mkuu. Mtumishi akikuibia, unamwacha na funguo? Pershad alibaki waziri mkuu mpaka 1912, na 1926 akarudishwa kwenye kiti kilekile. Huyo ndiye mwizi? Labda bwana wake alijua, akanyamaza.

Mtoa mada: Akishtaki, anashtaki kwa nani? Kwa jenerali aliyenunua?

Mzee wa Bandarini: 😂 Hilo nakupa. Ila kunyamaza kwa Nizam bado si ushahidi wa wizi.

Binti Sefu: Mnabishana kuhusu mwizi, mwenye mali mmemsahau. Kitara hiki si cha hekalu, ni cha nyumba ya Nizam. Na Hyderabad iliingizwa India kwa jeshi, Septemba 1948. Mwaka 2019 mahakama ya London iliamua pesa zilizokwama benki tangu 1948, zilizokuwa zimekua hadi pauni milioni 35, ziende kwa India pamoja na wajukuu wa Nizam wa mwisho, Osman Ali Khan, mwana wa Mahboob. Kwenye pesa ukoo ulihesabiwa. Kwenye upanga, anayepokea ni serikali.

Mtoa mada: Dada, hapo umenibana. Nashusha dai langu: kirudi, lakini kikae Hyderabad, makumbusho ya Salar Jung yapo palepale. Kikiishia stoo Delhi, mtu wa Hyderabad atakuwa amepata nini?