Ua la njano la Ujerumani na mchunga wetu

Mama Kulwa, Kirumba
Habari za asubuhi wadau. Mdogo wangu anaishi Ujerumani, kanitumia picha ya ua la njano lililojaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yake. Anasema ni mchunga na anataka kuupika kwa karanga. Majani yana meno pembeni, na ukilikata linatoa maziwa. Lakini mimi nauza mboga sokoni, mchunga naujua hata gizani, na umbo hili silielewi. Wenyeji wa huko wanaliita Löwenzahn. Jina lake la kitaalamu ni lipi, na je, linaliwa?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Mama Kulwa, umeona sawasawa, huo si mchunga. Ni Taraxacum officinale. Mwambie mdogo wako atazame kikonyo: kiko wazi ndani kama mrija, hakina jani hata moja, na kinabeba ua moja tu. Majani yote yamelala chini kuzunguka shina. Mchunga, Launaea cornuta, unasimama, unatoa matawi na maua mengi. Utomvu mweupe yote miwili inao, na yote ni jamaa za alizeti, kwa hiyo simshangai aliyechanganya.

Löwenzahn maana yake jino la simba, kwa ajili ya yale meno ya jani. Dandelion ya Waingereza imetoka kwenye Kifaransa cha zamani, maana ni hiyohiyo. Wafaransa wenyewe leo husema pissenlit, yaani kojoa kitandani, maana majani yake yanasifika kwa kuleta mkojo! Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliuita Leontodon taraxacum, na Leontodon nalo ni jino la simba kwa Kigiriki. Hilo officinale lililokuja baadaye huonyesha mmea uliokuwa ukiuzwa kwa wauza dawa.

Unaliwa. Achume majani machanga kabla ya kuchanua. Wazungu huyala mabichi kwenye kachumbari zao, na mizizi huikaanga, wakaisaga na kuinywa kama kahawa. Ila asichume kando ya barabara wala kwenye nyasi zilizopuliziwa dawa.

Kijana wa Igoma
Mwalimu, shikamoo. Kwetu hata ule mrefu wenye miiba laini kwenye majani, unaoota mashambani, tunauita mchunga.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Marahaba kijana. Huo nadhani ni Sonchus oleraceus, nao asili yake ni pande za Ulaya na Mediterania. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za mchunga namwomba picha ya mmea mzima, shina na majani, si ua peke yake.

Mama Kulwa, Kirumba
Asante sana Mwalimu, nimemtumia maelezo yote. Anauliza kama ni mchungu na kama karanga zitaukubali.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Mchungu, tena sana ukishachanua. Achemshe, amwage maji ya kwanza, kisha atie karanga zake.