Hita plagi 6V au 11V? Hilux 3L inanigomea alfajiri Makete

viazi_na_pareto

Wakuu habari za baridi. Niko Makete huku, nina Hilux ya zamani injini 3L, pampu ya kawaida haina mambo ya kompyuta, kazi yake kushusha viazi Njombe. Mwaka mzima gari haina neno ila ikishaingia Juni mpaka Agosti hivi alfajiri inakuwa vita. Wanaoijua Makete wanajua, unaamka nyasi nyeupe pee, kioo cha mbele unakwangua barafu. Nafungua swichi, taa ya koili (ile ya hita) inawaka, nasubiri izime, napiga stata, inazunguka tuu inatoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi, mara ya tano au ya sita ndo inashika, tena inashika kwa kutetemeka kama ina silinda mbili. Ikishapata moto basi, siku nzima naizima naiwasha haina shida.

Mwezi wa nne fundi alibadilisha hita plagi zote nne (vile vijiti vya umeme vinavyopasha injini ya dizeli moto kabla ya kuwasha), alinunua mwenyewe mimi nikatoa hela tu. Wiki tatu za kwanza gari ilikuwa inawaka chap hadi nikamnunulia soda. Sasa tumerudi kule kule. Juzi nimeenda duka la spea Njombe, kijana ananiuliza nataka za 6V, 8.5V au 11V, nikabaki namtolea macho. Na bei ni mbingu na ardhi, kuna za kwenye boksi na kuna za kwenye kimfuko cha nailoni, unaweza nunua nne za nailoni kwa hela ya moja ya boksi.

Nichukue zipi wakuu? Na kweli hita inaweza kufa ndani ya miezi miwili au nimepigwa?

mtu_wa_ngano

Kaka hela ya hita nunua mbolea. Mimi napaki mteremkoni, asubuhi naachia breki natia gia ya pili imeisha hiyo. Siku ikigoma kabisa nalowesha tambara dizeli nawasha moto nashikilia mdomoni mwa bomba la hewa, inavuta joto inawaka. Au ile spray ya kupuliza, fyuu mara moja tu.

spana_14

Mtu_wa_ngano nakuheshimu ila hiyo spray usimshauri mtu mwenye hita zinazofanya kazi. Ile ni etha, ikikuta ncha ya hita iko nyekundu inalipuka kabla pistoni haijafika juu, hapo ndo unasikia ringi zimevunjika mtu anasema amerogwa. Na tambara la moto, nimeona air cleaner ya mtu ikiteketea kwa staili hiyo, tena akiwa amepakia.

Turudi kwa mwenye mada. Hizo hita zako kwa maelezo yako sidhani kama zimekufa kifo chake, zimeunguzwa. Kila hita ina volti zake zimechapwa mwilini, karibu na pale spana inapokaa. Toyota hizi injini za L alizifunga mifumo zaidi ya mmoja. Kuna ule wa kizamani, rilei moja (swichi inayopitisha umeme mkubwa), umeme wa betri unaenda hita moja kwa moja, huo unataka hita za 11V au 12V. Halafu kuna ule wa haraka wenye rilei mbili, ya kwanza inaipiga hita ya volti ndogo umeme wote wa betri, inakuwa nyekundu ndani ya sekunde chache, kisha inakata na rilei ya pili inaendelea kupeleka umeme uliopunguzwa kwa kupitia rezista. Sasa chukua hita ya 6V uifunge kwenye gari ya rilei moja. Siku za mwanzo utamnunulia fundi soda kama ulivyofanya, maana inapata moto haraka kuliko hita yoyote uliyowahi kuwa nayo, ila hakuna wa kuipunguzia umeme, inaungua moja, kesho nyingine. Ukikosea kwa upande wa pili, 11V kwenye mfumo wa haraka, haiungui ila muda unakata kabla haijapata moto wa maana, unabaki kulaumu betri.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani fungua boneti kwanza. Juu ya hita zote nne kuna bati bapa linaziunganisha, fungua nati zake ulitoe lote, ukiliacha utapima zote kwa pamoja na hutajua nani mgonjwa. Chukua multimita (mita ya kupimia umeme) weka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya, waya mmoja kichwani mwa hita mwingine kwenye chuma cha injini. Hita nzima inasoma kidogo sana, mara nyingi nusu omu mpaka omu moja na ushee. Iliyokufa haisomi kitu. Huna mita tumia taa ya majaribio, upande mmoja ubane chanya ya betri mwingine gusa kichwa cha hita, taa ikiwaka basi waya wa ndani haujakatika.

Na taa ya koili ya dashibodi isikudanganye, ile mara nyingi inahesabu muda tu, hita zote nne zinaweza kuwa zimekufa na yenyewe inawaka na kuzima kwa adabu zote.

Kingine watu wa Dar wakikushauri uwasikilize nusu. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na 3L inabana kama mara 22. Nyie huko mko juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, pungufu kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kinachobanwa chenyewe ni kidogo na chuma kimelala na barafu. Tena 3L dizeli inapulizwa kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya hedi (kipande cha juu cha injini), kuta za kile kichumba zinanyonya joto lote asubuhi, hita imewekwa mle kwa sababu hiyo. Gari hiyo hiyo ukilala nayo Dar unaweza ukaiwasha hita zikiwa zimekufa zote na usijue.

wa_kinangop

Salamu kutoka Kinangop, Kenya, huku pia Julai jalidi huua viazi na gari nayo hukataa. Niko na Hilux 5L. Hiyo ya kimfuko wachana nayo kabisa, na hata ya boksi uiangalie vizuri, mimi nilinunua boksi ina jina kubwa kabisa lakini maandishi yamechapwa ovyo ovyo, nikajiambia hita ni hita. Baada ya miezi kadhaa moja ikafura kwa ncha. Makanika akaifungua kwa nguvu na ncha ikakatikia ndani, hakukuwa na njia ingine ila kutoa hedi yote. Pesa nilikuwa nimeokoa kwa hita ilikuwa ya chai na mandazi, nayo ile ya kutoa hedi, gasket na leba wacha tu.

Swali kwa spana_14, kuna mtu ananisukuma niweke za kauri eti ndio moto zaidi na zinadumu. Ni ukweli?

spana_14

Za kauri ni kweli zinapata moto zaidi, zinaweza kupita digrii 1,200 wakati za chuma za kawaida ziko kwenye 900 mpaka 1,000 hivi. Ila zimetengenezewa injini za kisasa zenye kompyuta inayoongoza umeme wake, nyingi volti zake ni ndogo sana. Ukiisukumia betri nzima imekwenda. Halafu ncha yake ni kama kikombe, ikidondoka sakafuni hata kama huoni ufa usiifunge. Kwa 3L, 5L, hata 1HZ za Land Cruiser hardtop, funga ya chuma iliyoandikwa injini yako kwenye katalogi ya mtengenezaji. Mimi natumia Denso au NGK, sio kwamba nalipwa, nimezizoea.

Ukienda dukani nenda na ya zamani mkononi. Zilinganishe urefu wa ncha, uzi wa kukazia, na kichwa ni cha nati au cha kuchomeka. Ncha ikizidi urefu inachungulia sana kwenye moto inaungua, ikipungua haifiki kwenye dizeli. Uzi wa milimita 10 upo wa aina zaidi ya moja, inaingia raundi mbili tatu halafu inakaza, mpumbavu analazimisha na hedi ni yako. Anza kwa mkono mpaka mwisho, kisha kaza kistaarabu, Nm 15 (nguvu ya kukaza kwa spana yenye kipimo) hivi zinatosha kwa uzi wa 10. Wanaokaza kwa kuning'inia ndo wanaowapa kazi wenzao.

Na nyie wa Coaster na Dyna za 24V msije mkasoma hapa mkanunua za 12V.

Iliyofura haitolewi injini ikiwa ya baridi. Mwagia oili ya kulainisha jioni, asubuhi washa injini ipate moto, halafu zungusha kidogo kushoto rudisha kulia, kidogo kushoto rudisha kulia. Ikikaza acha, mwagia tena, kanywe chai.

mbongo_edmonton

Huku Kanada ikifika -30 hita peke yake haitoshi, kuna chuma cha umeme kinafungwa kwenye injini kupasha maji, unachomeka gari kwenye soketi usiku kama simu, ndo maana ukiona gari ina plagi inaning'inia mbele usishangae. Makete hamjafika huko. Ila oili angalieni, kama mnatumia 20W-50 kwenye hiyo baridi stata inazungusha uji. 15W-40 inasaidia. Na betri ya baridi ni nusu betri.

viazi_na_pareto

Mrejesho wakuu. Nimefungua leo mwenyewe na mdogo wangu kwa mita ya kuazima ya jamaa wa sola. Tatu zimekufa, hazisomi kabisa, ya nne inasoma omu 0.6. Zote zimeandikwa 6V!! Na rilei ni moja tu nimetafuta ya pili mpaka chini ya betri hakuna. Spana_14 umeiona gari yangu ukiwa hukohuko. Fundi nimempigia anasema "zinafanana tu hizo."

Ya silinda ya tatu ilikuwa imefura, tumeilaza na oili usiku, ikatoka kwa kushoto kulia kushoto kulia, jasho lilinitoka Makete hii hii. Nimefunga nne za 11V za boksi. Leo alfajiri imewaka mara ya pili, moshi umepungua sana. Ila mara ya pili bado sio mara ya kwanza, au nataka mengi?

spana_14

Hutaki mengi, kuna umeme unapotea njiani. Hita nne zinakunywa umeme mwingi sana, waya ukiwa na kutu kidogo tu volti zinaishia hapo. Mtu afungue swichi, wewe weka mita kwenye bati la hita na chuma cha injini wakati taa ya koili imewaka. Niambie.

viazi_na_pareto

8.3

spana_14

Umeona. Betri yenyewe ni ngapi wakati huo? Kama betri ina 11 na kitu basi hizo volti karibu 3 zimelala kwenye rilei, kwenye nati za bati au kwenye waya wa hasi unaoenda kwenye injini. Fungua zote piga msasa.

viazi_na_pareto

Betri ilikuwa 11.4. Nati ya rilei ilikuwa ya kijani kabisa na inazunguka kwa mkono, waya wa hasi nao umebaki nyuzi chache. Nimepiga msasa, waya nimebadilisha, sasa kwenye bati nasoma 10.8. Leo nyasi zilikuwa nyeupe kama kawaida, nimefungua swichi taa ikazima nikahesabu tano nyingine, stata moja tu ikaitika. Mke wangu alitoka nje kuangalia nani kaja na gari.

mtu_wa_ngano

Hongera kaka. Nimeenda na mimi kuchungulia yangu baada ya kusoma haya yote. Hita zipo tatu, tundu la nne limezibwa na bolti, na hilo bati mnalolisema silioni kabisa. Gari nimenunua hivyo hivyo miaka tisa iliyopita. Hizo za 11V umezipata duka gani hapo Njombe?