Rasimu tatu za insha ya Common App: nipeleke ipi?

Taitai, Jumanne saa 3:40 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PGM (fizikia, jiografia na hesabu), shule ya bweni ya serikali. Matokeo ya Julai yalinipa moyo, nikaamua kujaribu vyuo vya Marekani vinavyowafadhili wanafunzi wa nje. Fomu nimejaza, vyeti ninavyo, nimekwama kwenye insha kuu ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani. Wanakupa maswali saba, unachagua moja, unaandika maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 650. Miaka kumi na mitatu ya shule nimeulizwa sababu za Vita vya Majimaji sijui mara ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni lini nilibadili mawazo.

Nimeandika tatu, kwa Kiswahili kwanza ili nisijidanganye. Naomba mnisaidie kuchagua.

A (swali la 2, kikwazo ulichokutana nacho). Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nimeeleza ugonjwa, msiba, ada iliyokosekana, mjomba aliyejitolea kulipa. Hii niliiandika kwa siku moja na sipendi kuisoma.

B (swali la 6, jambo linalokufanya usahau saa). Mama analima mwani, pwani ya Tanga. (Bamvua ni zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine.) Kipande chake hiki:

"Mwani haungoji Jumamosi. Shamba la mama linafikika siku za bamvua tu, na kwetu bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, wakati mwalimu wa hesabu yuko ubaoni. Nikiwa darasa la saba nilianza kuandika saa za maji kwenye daftari, ili nijue mapema siku gani nitakosa shule. Niliona kila siku maji yanachelewa, nikapiga wastani: dakika 50. Nikajiona nimevumbua. Likizo moja nikahesabu kutoka siku ya bamvua, siku nne mbele, nikamwambia mama maji yatapwa saa saba na dakika ishirini. Tulipofika yalikuwa yameshageuka, yako magotini. Kamba sita hazikufungwa siku ile. Mama hakunigombeza. Alihesabu tarehe za mwezi mwandamo kwa vidole, akasema: daftari lako halijui mwezi."

Halafu naeleza nilivyokuja kugundua kwamba zile dakika 50 ni wastani wa mzunguko mzima. Karibu na bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo, dakika 40 hivi, na kwenye maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo tu, huchelewa zaidi ya saa nzima. Mimi nilikuwa nimechanganya zote kwenye chungu kimoja.

C (swali la 3, imani uliyoitilia shaka). Nilikuwa kiranja wa taaluma, kazi yangu kuandika majina ya wanaoongea Kiswahili bwenini. Kipande:

"Msichana wa kidato cha kwanza alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, kisha daftari langu. Hakujua kusema 'nimeungua' kwa Kiingereza, na aliogopa kuisema kwa lugha aliyoijua."

Insha inaishia nilipomwandikia mkuu wa shule na sheria ikafutwa.

Nawasilisha.

---

Pilipili_Kichaa, saa 4:05 usiku

Dogo, peleka A bila kufikiri. Wazungu wale wanataka machozi. Unaacha msiba wa baba unaandika habari za maji kujaa na kupwa? Nani Marekani anajua mwani? Kuna jamaa wa mtaani kwetu aliandika umaskini mtupu, leo anapiga picha kwenye theluji.

---

BarafuMguuni, saa 5:12 usiku

Niko mwaka wa tatu chuo kidogo huku Minnesota, theluji anayoisema Pilipili naijua vizuri. Mimi niliandika ya machozi. Nilipata chuo, ila siwezi kukwambia insha ndiyo iliyonipitisha. Ninachojua ni kwamba mwaka wa kwanza nilikaa na wenzangu kutoka nchi tano za Afrika tukasomeana insha zetu, na nne kati ya tano zilikuwa na mzazi aliyekufa kwenye aya ya kwanza. Tulicheka kidogo kisha tukanyamaza.

Kwangu C. Ile ya mkono ulioungua sijaweza kuitoa kichwani tangu niisome. B nzuri lakini ina hesabu nyingi.

Jambo jingine la kujiandaa: Kiswahili kinabana. "Nilimwambia" ni neno moja, Kiingereza kitakula matatu. Rasimu yangu ya maneno 480 ilipovuka kwenda Kiingereza ikawa 700 na zaidi, nikaanza kukata nyama na mifupa. Hesabu kabisa kabla hujaipenda sentensi.

---

ChakiNyeupe, Jumatano saa 1:20 asubuhi

Marahaba Taitai, na hongera kwa matokeo.

Nimewasaidia wanafunzi kadhaa na insha hizi, nitasema kama mwalimu. Chukua kalamu nyekundu, kwenye kila sentensi ya A pigia mstari anayetenda. Kwa muhtasari uliotupa: ugonjwa ulikuja, baba akafariki, ada ikakosekana, mjomba akalipa. Wewe uko wapi? Umesimama mlangoni unatazama. Si kosa lako, ulikuwa mtoto. Lakini anayesoma faili lako tayari ana matokeo yako, barua za walimu, orodha ya shughuli zako (nafasi kumi, herufi 150 kila moja, hapo hutamba hata ungetaka). Insha ndiyo mahali pekee pa kusikia kichwa chako kinavyofanya kazi. B kinasikika. Kimekosea, kimeona aibu, kimerudi kwenye daftari.

Kufiwa usikufiche. Fomu hiyohiyo ina sehemu ya changamoto na hali za maisha, maneno 250, ya hiari. Andika pale kwa lugha kavu: baba alifariki mwaka fulani, ada ililipwa na mjomba, mama analima mwani. Aya moja. Na mwalimu anayekuandikia barua anaweza kuitaja pia.

Halafu kuna Ashinaga Africa Initiative, mpango wa Wajapani kwa vijana wa Afrika waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Umeuangalia? Huko habari ya baba ndiyo mlango wenyewe wa kuingilia, A ina kazi.

Swali kuhusu C. Sheria ilifutwa kweli?

---

Kaka_wa_Likoni, saa 3:02 asubuhi

Mimi nilipitia njia ya Uingereza, nikwambie tofauti dadangu, maana naona watu wanachanganya. UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya kule, hawataki hadithi yako. Tangu udahili wa 2026 wamegawa maelezo yale katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya masomo umefanya nini kujiandaa. Yote matatu ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, kila moja isipungue 350. Baba, uji, kiranja, yote hayo hayana pa kukaa. Ila B! Ukiomba jiografia au sayansi ya bahari, ile hesabu ya maji unaitia kwenye swali la kwanza kwa sentensi tatu na umemaliza kazi. C huko ingekufaa ukisomea ualimu au isimu.

Na kama kuna anayekutajia vyuo vya University of California, vile haviko ndani ya Common App. Maswali manane, unajibu manne, maneno 350 kila moja. Kuandika kwake nilikupenda zaidi kuliko insha moja ndefu, kwa sababu huhitaji kujikusanya wote ndani ya kisa kimoja. Lakini kwa mwanafunzi wa nje asiye na pesa hawana ufadhili wa maana, kwa hiyo usipotezee muda.

---

MamaWawili, saa 4:30 asubuhi

Mie ni mzazi tu, sijaomba chuo popote. C inanitia hofu. Mtoto wa watu aliungua, na wewe ndiye uliyekuwa umeshika daftari. Msomaji anaweza kukuona mkatili. Na huyo binti je, akijiona humo siku moja?

Halafu hiyo A, mwanangu, umesema hupendi kuisoma. Basi si umeshajijibu?

---

Pilipili_Kichaa, saa 4:41 asubuhi

Mwalimu kaniumbua kistaarabu. Lakini bado: mtu wa Ohio atajua bamvua ni nini?

---

BarafuMguuni, saa 9:15 alasiri

Mtu wa Ohio hahitaji kujua. Anahitaji kuelewa kwamba mama ana siku chache mwezi mzima za kufika shambani na binti yake kampotezea moja. Acha neno "bamvua" lilivyo, lieleze mara moja, usilirembe. Nilipotafsiri vitu vya kwetu vyote kwa Kiingereza laini, mwalimu wangu wa uandishi huku aliniuliza kama nilikulia Boston.

MamaWawili, kwa ukatili sikubaliani. Kukiri ndiko kunakoipa C uzito. Ila la binti ni kweli. Badilisha kidato, ondoa chochote kinachomtambulisha.

---

Taitai, Jumatano saa 2:50 usiku

Asanteni sana. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Mwalimu ChakiNyeupe, sheria haikufutwa. Barua sikuandika. Nilichofanya ni kwamba tangu siku ile nilipeleka daftari tupu kila Ijumaa, na mwalimu wa zamu alipouliza nilisema hakuna aliyeongea. Wiki ya nne wakampa mwenzangu ile kazi, naye akaandika majina kama kawaida. Nilipoanza kuandika insha niliona huo si mwisho, ni kama nilishindwa. Nikaweka mwisho wa mashujaa.

Kufika aya ya mwisho ya C nilikuwa naandika haraka mno. Sasa najua kwa nini.

---

ChakiNyeupe, saa 3:18 usiku

Daftari tupu kila Ijumaa ni bora mara kumi kuliko barua kwa mkuu wa shule. Kiranja aliyekuwa akiandika majina sasa anadanganya ili asiandike, na hana uhakika kama huo ni ujasiri au woga. Swali la 3 halikuulizi kama ulishinda. Linauliza ulitilia shaka nini, kwa nini, na ikawaje. Ikawaje: nikavuliwa kazi.

Sasa umeniharibia ushauri wangu. Asubuhi ningesema B bila kusita.

---

Kaka_wa_Likoni, saa 3:25 usiku

Mwalimu usiyumbe! B. Ile C ya kweli ni nzuri lakini mtu aikate vizuri, maana ukikosea kidogo inageuka hotuba ya lugha ya taifa. B haiwezi kugeuka hotuba, maji hayana siasa.

---

BarafuMguuni, saa 3:40 usiku

Vyuo vingi vina maswali yao mafupi juu ya ile insha kuu, na swali la kutofautiana na wengine au la jamii uliyokulia hurudi sana. C ikipunguzwa iwe maneno 250 itaingia huko. B kubwa, C ndogo, A kwenye ile sehemu ya hiari. Mwisho wa raundi ya mapema kwa vyuo vingi ni 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Na usimpe akili mnemba akuandikie, Common App wanahesabu huo ni udanganyifu.

---

Taitai, Jumamosi saa 12:10 jioni

Nimeandika upya B. Nimekata mwanzo wote wa "tangu utotoni nimeipenda bahari" (sikuipenda, ilikuwa inanikosesha shule). Nimeongeza kitu nilichokuwa nimekificha:

"Nilipojua kosa langu liko wapi, nilimwonyesha mama daftari jipya lenye safu mbili: saa za maji, na tarehe ya mwezi. Akaniuliza nani kaniambia bamvua huja tarehe moja na tarehe kumi na tano. Nikamwambia ni yeye. Akasema hapana, nilikuwa nimemwona akihesabu, kuambiwa ni kitu kingine. Kisha akanifundisha."

Kwa Kiswahili ni maneno 420. Leo usiku naanza kuivusha. A nimeipunguza ikawa aya moja ya fomu. Nilimsomea mama, akasema tarehe ya msiba nimekosea kwa siku moja.

---

MzeeNgalawa, Jumamosi saa 1:33 usiku

Nimepita tu, binti yangu kanionyesha. Insha sizijui, maji nayajua. Umeandika bamvua huja tarehe moja na kumi na tano. Mwezi ukiandama siku hiyohiyo maji bado hayajafika mwisho wake. Siku mbili mbele ndipo yanapotoka kabisa. Hata mwezi mpevu ni hivyohivyo. Mama yako alisema tarehe ngapi hasa?

---

Taitai, saa 1:50 usiku

Shikamoo mzee. Nimetoka kumuuliza. Anasema alihesabu mpaka kidole cha tatu, mimi ndiye niliyeishia cha kwanza.

Nasahihisha.