"Nitakuja", huku unajua hutakuja: ni adabu au ni uongo? Tujadili

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa suala la ahadi kuna hoja huibuka, na leo naomba tuikabili. Wanasema zipo "ndiyo" za adabu. Mtu akikualika au akikuomba msaada, kumkatalia usoni ni kumvunja moyo. Kwa hiyo unamwitikia, siku ikifika unatafuta udhuru. Eti kila mwenye akili anajua "nitajitahidi" ina maana gani, basi hakuna aliyedanganywa.

Napinga, tena hasa hapo kwenye "kila mwenye akili anajua". Mtoto hajui. Mgeni hajui. Mwenye shida ndiye kabisa: amelishika neno lako kwa sababu hana pengine pa kushika.

Mwangalieni fundi cherehani. Mteja anauliza, "Nije lini?" Anajibiwa, "Njoo Ijumaa." Wakati huo kitambaa kimekunjwa rafuni, chini ya vya watu wengine, na fundi anakiona. Ijumaa ikifika: "Vimebaki vifungo tu." Mteja akishatoa mguu, ndipo mkasi unaingia kwenye kitambaa. Huyu si mwizi, na nguo ataishona vizuri. Lakini siku ya mtu imepotea, na mwenye kuipoteza alijua tangu mwanzo kwamba itapotea.

Mtaniambia wengi hawadanganyi, wanakosea hesabu tu. Nakubali. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Walikadiria kumaliza kwa wastani wa siku 34 hivi. Walipoulizwa itakuwaje mambo yote yakienda mrama, wakasema karibu 49. Wakamaliza kwa siku zaidi ya 55! Binadamu ndivyo tulivyo, na mtu wa namna hiyo simhukumu. Ila akishaona Jumatano kwamba Ijumaa haiwezekani, aseme Jumatano. Akinyamaza mpaka mwenzake afunge safari, hapo si hesabu tena.

"Basi aombe radhi, yaishe." Hapa ndipo nisipokubaliana kabisa na wengi wenu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha mwaka 2013 jaribio kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Watoto waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Wengine waliletewa, kwa wengine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba kumbe havipo. Kisha kila mtoto akawekewa peremende moja laini na kuambiwa akisubiri bila kuila atapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Walioombwa radhi, dakika 3. Radhi waliipata, tena kwa upole, lakini neno la yule mtu mzima halikuwa na uzito tena kwao. Na tunawashangaa watoto wetu wanapokuwa hawana subira!

Jambo jingine linaloniuma ni kujificha nyuma ya Mungu. Qurani, sura ya 18, aya ya 23 na 24, inakataza kusema "nitalifanya kesho" bila kuongeza "Mungu akipenda". Agizo hilo ni la mtu aliyekusudia kweli, anayekiri kwamba kesho haimo mikononi mwake. Leo wapo wanaolitamka neno hilo wakiwa wameshaamua kutokwenda. Na kitabu hicho hicho, 17:34, kinasema ahadi itaulizwa.

Dharura siijadili. Ukikuta majeruhi barabarani, miadi isubiri, na mwungwana atakuelewa. Ninachokizungumzia ni ile ndiyo iliyozaliwa imekufa, tunayoitoa ili tuonekane wema kwa dakika moja. "Hapana, sitaweza" inauma, lakini inamwachia mtu muda wa kubisha hodi kwingine.

Sasa nyie mnaotetea ndiyo ya adabu, nijibuni hili: mtu ameitegemea ndiyo yako, na kwa ajili hiyo akamkatalia mwingine aliyekuwa tayari kumsaidia. Saa imefika, simu yako haipokelewi. Adabu yako hapo imemfaa nani?