Naomba ushauri: siagi imeanza kunuka, niipikie au niitupe?

Hamjambo wapendwa. Niko Kisumu, Manyatta. Wiki jana stima ilipotea siku mbili, na kwa joto letu hili friji ikawa kabati tu. Ndani kulikuwa na siagi isiyo na chumvi, nusu kilo, niliyonunulia keki ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu Jumapili hii.

Jana nimeifungua: inanuka kama mafuta yaliyokaangiwa samaki mara nyingi, na kwa mbali kama rangi ya ukuta. Juu imekuwa manjano iliyokolea, lakini nikiikata kwa kisu, katikati bado ni nyeupe-nyeupe. Ukungu sijauona. Nilionja kidogo sana, ikawa chungu, nikatema.

Mama mkwe anasema niichemshe iwe samli, harufu itaisha. Namheshimu, na samli yake ni tamu kweli, lakini yeye huanza na siagi mbichi. Ninavyojua, moto huua vijidudu, haurudishi mafuta yaliyochacha. Je, nikikwangua juu nitumie ya katikati, ni salama? Watoto wadogo wataila, na dada ananyonyesha. Tafadhali, aliyewahi kupitia haya anijibu kabla ya Jumamosi.