Wilaya yetu imekataa kumwachia mwanangu ahamie wilaya jirani (California), nifanyeje?

Mama_Wawili
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri, hasa mlioko California. Tunaishi wilaya moja ya shule, kazi yangu ya kuhudumia wazee iko wilaya ya jirani. Mwanangu wa darasa la 7 anaonewa shuleni tangu Oktoba. Wanamcheka anavyotamka Kiingereza, na juzi wamemchania begi. Siku za shule anaamka na tumbo, chai haipiti. Niliomba kibali cha uhamisho. Wilaya ya kule imekubali kumpokea, ya kwetu imegoma kumwachia. Barua ina siku 12 sasa. Rafiki ananiambia niandike anwani ya shemeji yake anayeishi kule. Nimechoka jamani.

Baba_Neema
Pole sana dada. Hiyo anwani ya shemeji iache kabisa. Fomu unasaini wewe, na wakigundua mtoto anaweza kuondolewa katikati ya mwaka. Atakuwa ameumizwa mara mbili.

Sasa shika hiyo barua uangalie tarehe. Kibali kinahitaji ridhaa ya wilaya zote mbili, ila mojawapo ikikataa unaruhusiwa kukata rufaa kwenye bodi ya elimu ya kaunti ndani ya siku 30 za kalenda. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Umebakiwa na 18. Piga simu kesho asubuhi uulize fomu ya rufaa.

Msafiri77
Hama nyumba tu, yaishe.

Mama_Wawili
@Msafiri77 kodi ya kule siiwezi kaka.

Bi_Zuhura
Mwanangu, suala la uonevu umelipeleka kwa maandishi, au kwa mdomo? Hapo ndipo wengi tunakwama. Wafanyakazi wa wilaya wakithibitisha kwamba mtoto ameonewa, sheria inampa uzito wa pekee. Wilaya yenu inatakiwa kwanza kumhamishia shule yake nyingine. Kama haina nyingine yenye darasa lake, haiwezi kumzuia kwenda wilaya iliyokubali kumpokea. Lakini bila karatasi watasema hawakujua. Andika tarehe, mahali, nani aliona, piga picha begi. Na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani. Shule ya umma ina wajibu wa kuzungumza nawe kwa lugha unayoielewa.

Mama_Wawili
Shikamoo Bi Zuhura. Nilimweleza mwalimu kwa mdomo mara tatu, sikuandika chochote.

Bi_Zuhura
Marahaba. Andika leo, tuma kwa mkuu wa shule kwa baruapepe, ubaki na nakala.

Dereva_wa_Usiku
Kuna mlango mwingine. Mzazi anayefanya kazi ndani ya mipaka ya wilaya angalau saa 10 kwa wiki ya shule, wilaya hiyo inaweza kumhesabu mtoto wake kama mkazi. Haiko lazima wakubali, lakini ulizia, nenda na barua ya mwajiri. Na usafiri panga mapema, basi la shule usilitegemee. Kama kwa kipato chenu mtoto anastahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, omba wilaya itakayompokea msaada wa usafiri.

Mama_Wawili
Mungu awabariki. Baruapepe kwa mkuu wa shule imeenda usiku huu, matukio manne na picha mbili. Kesho saa mbili asubuhi napiga simu kaunti, kisha namwomba mwajiri barua. Swali moja: rufaa ikiwa inaendelea, mtoto aendelee kwenda shule ileile?

Baba_Neema
Ndiyo, asikose shule. Ila mwambie mkuu wa shule kwa maandishi unataka alindwe vipi kuanzia kesho: nani atakuwa karibu naye wakati wa chakula, na akimbilie kwa nani wakimwanza.