Mchezaji bora wa Afrika 1993: ni Abedi Pele au Rashidi Yekini?

Winga wa Kushoto:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, kuna jambo linanisumbua tangu Jumapili.

Nilikuwa nabishana na kaka yangu kuhusu tuzo ya mchezaji bora wa Afrika. Yeye anasema Rashidi Yekini aliichukua mwaka 1993 na kwamba ndiye Mnigeria wa kwanza kuipata. Mimi nikamwambia hapana, 1993 ni ya Abedi Pele wa Ghana, aliichukua mara tatu mfululizo: 1991, 1992 na 1993. Tukasema tuingie mtandaoni tumalize ubishi, kumbe ndiyo tunauchochea. Orodha moja inampa Abedi, nyingine inampa Yekini. Mwaka 1994 hivyo hivyo, huku George Weah, kule Emmanuel Amunike. Halafu orodha moja inaanza 1970 na Salif Keita, nyingine inaanza 1992 utadhani kabla ya hapo hakukuwa na mpira Afrika.

La pili ni Mbwana Samatta wetu wa Tanzania. Kaka anashikilia kwamba Samatta alikuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 2015. Mbona kote naona Aubameyang?

Kama kuna mtu aliyekuwa akifuatilia mambo haya enzi zile, tafadhali anyooshe maelezo. Nitamsomea kaka kila kitakachoandikwa hapa.

Nyavu Ndogo:

Hilo la Samatta ni jepesi mkuu. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walikuwa na tuzo mbili usiku ule wa tarehe 7 Januari 2016 pale Abuja. Ile ya jumla alichukua Aubameyang, akimpita Yaya Touré kwa kura chache sana, na Yaya alilalamika hadharani. Samatta alichukua ya wachezaji wanaocheza ndani ya Afrika. Wa pili wake alikuwa kipa mwenzake wa klabu ya TP Mazembe ya Kongo, Kidiaba.

Hilo la 1993 tuwasubiri wazee.

Mzee Kaunta Buku:

Kijana wangu, wewe uko sahihi na kaka yako yuko sahihi. Mwaka 1993 tuzo zilikuwa mbili.

Nina kaunta buku ambalo naandika humo washindi tangu mwaka 1988. Nilianza kwa sababu ya Kalusha Bwalya. Mwaka ule Zambia iliifunga Italia 4-0 kwenye Olimpiki kule Korea Kusini, Kalusha peke yake akaweka matatu, na sisi huku tulishangilia kama wameifunga kwa niaba yetu. Alipotangazwa mchezaji bora wa Afrika nikaona hili lazima liandikwe mahali. Nikaandika, kisha nikarudi nyuma kuwatafuta waliomtangulia mmoja mmoja, kwa kuulizia watu na kuchimba magazeti ya zamani.

Sasa ukifungua ukurasa wa 1993 utakuta jina limekatwa. Redioni nilimsikia Abedi Pele, nikaandika Abedi Pele. Baadaye nikasoma gazetini kwamba ni Yekini. Nikamkata Abedi kwa mstari mmoja, nikaandika Yekini juu yake. Ilipita miaka ndipo nikaelewa kwamba sikupaswa kumkata.

Iko hivi. Tuzo ya kwanza haikuwa ya CAF. Ilikuwa ya jarida la Ufaransa, France Football, lile lile lenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na waandishi wa habari ndio waliokuwa wanapiga kura. Wakaanza mwaka 1970, wakampa Salif Keita wa Mali aliyekuwa Saint-Étienne. Huyu mtu habari zake zinatosha uzi mwingine. Alipofika Ufaransa mara ya kwanza hakumkuta mwenyeji uwanja wa ndege, akaingia kwenye teksi pale Paris akamwambia dereva ampeleke Saint-Étienne, safari ya kilomita zaidi ya 500. Klabu ikalipa nauli. Msimu wa 1970/71 akafunga mabao 42 ya ligi, kwa hiyo nadhani hawakuijutia ile nauli.

CAF walianzisha tuzo yao mwaka 1992. Mwaka huo hakuna aliyeshtuka kwa sababu wote wawili walimpa Abedi Pele. 1993 wakaachana: jarida likabaki na Abedi, aliyekuwa ametoka kuchukua ubingwa wa Ulaya na Marseille, CAF wakampa Yekini. 1994 wakaachana tena: jarida Weah, CAF Amunike. Halafu mwaka 1995 France Football wakabadili kanuni za Ballon d'Or yao, ikawa hata asiyekuwa mzaliwa wa Ulaya anaweza kuipata mradi anacheza klabu ya Ulaya. Weah wa AC Milan akaichukua mwaka ule ule. Ile ya Afrika wakaiacha, na tangu hapo imebaki ya CAF peke yake. Hao wanaokuonyesha orodha inayoanza 1992 wanahesabu ya CAF tu.

Kuhusu Amunike wa 1994 nina neno. Fainali ya Mataifa ya Afrika ile, Tunis, Nigeria 2 Zambia 1, mabao yote mawili ya Nigeria ni yake. Zambia ile ilikuwa timu iliyoundwa upya ndani ya mwaka mmoja baada ya ndege kuanguka baharini Gabon Aprili 1993 na kuua kikosi kizima kilichokuwa ndani. Kalusha alipona kwa sababu alikuwa anasafiri kivyake kutoka Ulaya. Nilitaka Zambia ichukue kombe lile kuliko nilivyowahi kutaka timu yoyote. Amunike akatunyima. Nilipoandika jina lake sikumwandika kwa furaha, na ukiutazama mwandiko utaona.

Sasa subiri. Machi 2019 niko Uwanja wa Taifa, Taifa Stars na Uganda, tunatafuta tiketi ya kwenda Mataifa ya Afrika ambayo hatukuyaona tangu 1980. Tumeshinda 3-0. Filimbi ya mwisho inalia, watu wanakumbatiana na wasiowajua, na mimi macho yangu yako kwa kocha wetu pale pembeni ya uwanja. Ni yule yule Amunike. Niliporudi nyumbani nikafungua ule ukurasa, nikaandika kando ya jina lake: "Machi 24, 2019, ametulipa."

Winga wa Kushoto:

Mzee wangu, shikamoo. Kaka amekaa kimya tangu nimsomee. Ila ameshikilia la Samatta, anasema hata kama ni tuzo ya ndani bado ni mchezaji bora wa Afrika. Mimi naona ni tuzo ya daraja la pili. Kaunta buku linasemaje?

Mzee Kaunta Buku:

Marahaba mwanangu. Hapa naenda upande wa kaka yako, na nitakwambia kwa nini.

Shika orodha ya miaka ya sabini, tazama klabu badala ya majina. Ukimtoa Keita wa 1970, kuanzia 1971 mpaka 1979 washindi wote tisa walikuwa wanacheza Afrika. Ibrahim Sunday, Asante Kotoko ya Kumasi. Chérif Souleymane, Hafia ya Conakry, mwaka ambao Hafia iliifunga Simba ya Uganda kwenye fainali ya Klabu Bingwa. Paul Moukila, CARA ya Brazzaville. Faras wa Morocco aliitwa bora wa Afrika akiwa klabu ya mji wa Mohammédia, wala si ya jiji kubwa la Casablanca. Roger Milla wa Cameroon, mshindi wa 1976, alikuwa Canon Yaoundé, na wengi hawajui kwamba aliipata mara mbili, ya pili mwaka 1990 akiwa na miaka 38. Hata 1981 Belloumi wa Algeria alikuwa Mascara, na mwaka uliofuata akawafunga Wajerumani kwenye Kombe la Dunia.

Wakati huo hakuna aliyeuliza kama ni tuzo ya ndani au ya nje. Aliyekuwa bora Brazzaville alikuwa bora Afrika, basi.

Baada ya Timoumi wa FAR Rabat mwaka 1985 upepo ukageuka. 1987 Madjer wa Porto, kwa lile bao la kisigino dhidi ya Bayern. 1988 Kalusha, Ubelgiji. 1989 Weah, Monaco. Kuanzia hapo mlango ukafungwa: mchezaji wa klabu ya Afrika anaweza kufanya kila kitu na bado asipate kura, kwa sababu wapiga kura wanatazama Ulaya wiki nzima. Ndiyo sababu CAF ikabidi waweke tuzo ya pembeni kwa wanaocheza nyumbani. Haikuwekwa kwa sababu wao ni dhaifu. Iliwekwa kwa sababu ile kubwa iliwahama.

Kwa hiyo mimi Samatta simwandiki chini ya Aubameyang. Namwandika kwenye mstari wa Bwanga. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Tshimen Bwanga, beki wa klabu ya Lubumbashi tunayoijua leo kama TP Mazembe. Mwaka 2009 tuzo ya ndani ikaenda kwa Trésor Mputu, Mazembe. Mwaka 2015 Samatta, Mazembe, mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa na penalti zake kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Klabu moja, mji mmoja, mji ambao watu wake wanazungumza Kiswahili sokoni. Mwaka uliofuata akaichukua Denis Onyango wa Uganda akiwa Mamelodi Sundowns, naye ni kipa. Afrika Mashariki haijawahi kupata ile kubwa hata mara moja, tangu 1970. Hizi mbili ndizo tulizonazo, na nimeziandika kwa wino ule ule.

Na Bwanga hakupata beki mwenzake kwenye ile kubwa mpaka Achraf Hakimi, Novemba 2025. Miaka 52.

Dada Mlinda Mlango:

Mzee, na wanawake wamo humo? Tuzo yao ilianza 2001, akaichukua Mercy Akide wa Nigeria. Perpetua Nkwocha mara nne, Asisat Oshoala mara sita, na hakuna mwanaume aliyevuka nne. Eto'o na Yaya Touré wameishia hapo. Mwaka 2024 ikaenda Zambia kwa Barbra Banda.

Mzee Kaunta Buku:

Wamo tangu Nkwocha, binti yangu. Akide sikuwa naye. Namwandika usiku huu.

Winga wa Kushoto:

Kaka ameniomba niulize la mwisho. Okocha alichukua mwaka gani?

Mzee Kaunta Buku:

Ya CAF hakuwahi kuipata. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Alichukua ya BBC, ile ya kura za mashabiki, 2003 na 2004. Hiyo nimeiandika kwenye jalada la nyuma, kwa sababu ukurasa wa CAF wa miaka hiyo yote miwili una jina la Eto'o.